Mtaro wa Sahani

Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukataa.
Na ibaki hivyo, kama alivyoandika karani
kwenye daftari lenye doa la chai yangu:
Mama Eliakunda, muuza mtori, anapinga.

Walikuja na sheria ndogo ya halmashauri,
kwamba katika kila shilingi mia ya jengo jipya
moja ni ya sanaa, na sanaa ni ya wote,
na wote ndio sisi, watu tisa
kwenye benchi la kuazima, ofisi ya mtaa, Pasua,
saa kumi jioni, njaa ikiuma.

Mmoja akataka simba. Pasua ilimwona lini simba?
Mwingine akataka mlima.
Mlima! Tunautazama bure kila alfajiri,
ukipenda unajifunua, ukipenda unajitanda,
leo tuulipie rangi?
Nikasema: mtaro.
Aprili maji yanashuka huko juu
na taka za watu wasiotujua,
yananichukulia mafiga, yananiachia nepi.
Hiyo shilingi yenu mpeni fundi zege.

Kimya.
Kisha yule binti wa Same, Nakiete,
aliyeshinda kwa michoro mitatu
(alama zilisomwa kwa sauti, mbele ya wote walioshindwa),
akakunja makaratasi yake yote, simba na mlima ndani,
akaniuliza:
"Mama, vyombo vyako vikivunjika unavitupa wapi?"

Sikujibu. Jibu lilikuwa nje pale, mtaroni.

Basi wiki tatu mtaa ukaleta vilivyovunjika.
Shamimu alileta sinia la harusi;
ndoa ilikuwa imetangulia.
Mzee Kisamo alileta kikombe cha marehemu mkewe,
akakigeuza, akakigeuza, akarudi nacho nyumbani.
Kesho yake akaja tena, bila kikombe, akatazama tu.
Siku ya tatu akakivunja mwenyewe, kwa nyundo ya kuazima.
Mimi nilitoa gunia zima:
miaka kumi na minne ya mabakuli na wateja wenye haraka.

Injinia wa manispaa aliposikia kuta zitapambwa
aliona haya kupambiwa nyufa.
Saruji tuliyoililia tangu mwaka wa mafuriko
ilifika Jumatatu, lori mbili.

Na wale vijana wa kijiweni,
tuliozoea kuwahesabu kama mawe ya pale,
walifundishwa kukata, kupanga, kujaza,
wakalipwa kwa siku, kwa sahihi.
Wawili sasa wanaitwa mpaka Shanti
kutandika vigae mabafu ya wenye nazo.
(Posho yangu ya kikao cha nne
haijafika. Nalo liandikwe.)

Sisemi kila kitu kilipona.
Kuna aliyebandua lile ua la buluu usiku,
sijui akalipeleke wapi.
Kuna aliyebandika tangazo la mganga juu ya sinia la Shamimu;
Shamimu alilikwangua kwa kijiko, akitukana taratibu,
na sikuwahi kumwona amechangamka vile.
Kila baada ya miezi sita Nakiete anarudi na ndoo yake.
Fedha ya matunzo imo kwenye bajeti,
kifungu nimekikariri, mwaka jana walitaka kukifuta,
tukaenda kumi na saba, tukakaa barazani kwao mpaka kikarudi.

Lakini juzi nimeona mtoto kainua ganda la ndizi
arushe mtaroni kama tulivyorusha sote,
mwenzake akamdaka mkono:
"Wewe! Hapo bibi yangu alikula."

Masika yameingia.
Usiku nimelala, maji yanashuka toka juu,
yanapita juu ya sahani zangu, hayagongi mlango.
Nasikia kama mtu anayeosha vyombo gizani,
bila haraka,
baada ya wageni wengi kuondoka.