Hodi Mbili

Aachen, Januari, saa nane za usiku.
Katika chumba kisicho na mwangwi
Wiebke Terhorst amezima taa.
Bundi huyu hakuja kutabiri msiba; ana namba mguuni
na jina alilopewa na mfagizi: Ubbo.

Ukucha wakwaruza karatasi, mara moja tu.
Sikio la kushoto limepata kwanza,
la kulia likachelewa,
si kufumba na kufumbua, hiyo ni karne,
bali sehemu ya elfu ya kufumba.

Hapo neva zapiga. Ta. Ta-ta.
Nguvu si hoja, hoja ni wakati:
cheche mbili, kila moja na njia yake,
zatafuta seli moja ya kukutania,
na seli hiyo haiitikii
ila zikibisha pamoja.
Penye hodi mbili kwa pigo moja,
ndipo penye panya.

Skrini yachora vijistari. Wiebke ahesabu,
kisha aacha kuhesabu.
Mamaye alipiga simu saa tatu, kutoka Münster;
yeye akaisikiliza saa sita, kwenye ujumbe.
Maneno yalifika yote,
hakuna hata moja lililopotea.

Gizani, Ubbo amegeuza kichwa,
moja kwa moja, kwenye ukucha.