Safu ya Saba

Daftari la wodi yetu lina safu saba.
Ya mwisho, sababu, ni nyembamba kuliko zote:
inatosha neno moja,
mawili ukibana mwandiko.

Mwezi wa sita, Tukuyu imejifunika ukungu hadi kwenye masikio.
Lusubilo aliletwa saa nane usiku,
miezi minne na siku tatu,
ndani ya kanga mbili na koti la baba yake
lenye harufu ya moshi na chai mbichi.
Hakuwa akilia.
Wenzake wote huletwa hapa kwa sababu ya kilio,
yeye aliletwa kwa sababu ya kimya.

Ngozi haikuwa na mchubuko hata wa ukucha.
Utosi tu, umejaa, umekaza,
kama unga uliochachuka chini ya kitambaa.
Daktari Mwaipaja alimchungulia machoni kwa kioo chake kidogo,
akanipisha nami nione:
nyuma ya mboni, zambarau zilizokanyagwa.

"Alianguka kitandani," alisema Gwamaka,
akiyaambia mabuti yake.
Saa kumi: "Alianguka mgongoni kwa dada yake."
Kulipopambazuka: "Ni degedege, sista. Degedege tu."
Subilaga, mama mtu, hakusema kitu.
Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja.

Jumamosi nilikwenda kwao, Katumba, nyuma ya mashamba ya chai.
Nilikipima kitanda kwa mkono:
shubiri tatu kutoka sakafuni,
na sakafu yenyewe udongo, umelowa, laini.
Kuku alipanda, akashuka,
wala hakufikiri mara mbili.

Sikwenda kama hakimu.
Ambakisye wangu sasa ananizidi kimo,
lakini kuna usiku alilia tangu magharibi mpaka majogoo,
mume yuko safari ya Kyela, jirani anagonga ukuta,
na mimi nikamshika mbavuni, vidole vyote kumi,
nikaona mikono yangu inanitangulia.
Inakwenda mahali. Mimi nafuata nyuma.
Nikamlaza.
Nikatoka nje nikaukumbatia mgomba,
mvua inanipiga kisogoni,
hata mikono ikarudi kuwa yangu.
Sikufundishwa na mtu.
Mgomba ulikuwa karibu, basi.

Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Kweli. Anaujua mpaka unapotokea.

Mwaka huu nimeandika "kuanguka" mara kumi na moja.
Sita kati yao walikuwa hawajajua kujigeuza.
Mtoto asiyejua kujigeuza
anaanguka vipi?
Anaanguka kutoka wapi?
Sikuuliza. Niliandika, nikafunika kalamu.
Wilayani wakajumlisha, mkoani wakajumlisha,
ikaonekana kwamba watoto wa milima hii
ni hodari sana wa kuanguka.

Lusubilo alikaa nasi siku kumi na tisa.
Sasa ananyonya. Taa ikija upande wa kushoto anaifuata,
ikienda kulia anaiacha iende.
Siku ya kuruhusiwa niliwakalisha wote wawili kwenye benchi.
Sikumtazama Gwamaka, nilitazama mikono yake,
mipana, imepasuka kwa majani ya chai,
miaka ishirini na miwili tu.
Nikasema: atalia tena. Wote hulia.
Ukiona mikono inakutangulia,
mlaze chali, funga mlango, toka.
Shika mgomba. Mgomba hauna utosi.
Aliinama. Machozi yakaangukia mabuti.
Subilaga aliacha kukunja kanga,
akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu usiku ule.

Nilirudi kwenye daftari.
Nikalikata neno nililoandika,
mstari mmoja, ili lisomeke bado,
na pembeni yake, kwa mwandiko wa kubana:
mikono.

Fomu imerudi jana kutoka wilayani,
imezungushiwa duara jekundu:
"Sababu hii haipo kwenye orodha. Rekebisha."

Iko mezani. Nimeiwekea kikombe juu
isipeperuke.