Zidaka

Alhamisi, baada ya adhuhuri, diski ilijaa.
Kompyuta moja ghorofani, mtaa wa Langoni,
watumiaji sita, na kila mmoja
kajipakulia dunia upya:
maktaba ile ile ya tarehe, ile ile ya ramani,
mara sita, chini ya majina sita,
kama nyumba moja yenye vinu sita
na mpunga wa kutwanga kibaba.

Bando tulilinunua kwa mchango.
Shekuwe alipoandika amri ya kujenga
mstari ulitambaa, asilimia tatu, asilimia nne,
tukanywa kahawa, tukaosha vikombe,
ukafika tisa.
Na alichokingoja kutoka ng'ambo
kilikuwa kimelala kwa Mwanamize,
folda ya jirani, ukuta kwa ukuta.

Nikasema: basi. Ghala moja.
Nikafuta nakala tano, nikabakiza moja,
nikaiweka kati kama birika la msikiti,
kila mwenye mkono ateke.
Wiki ile programu ya Zamzam,
ya kuandikisha punda wanaotibiwa,
ilijengeka kabla chai haijapoa.

Jumatatu ikakataa.
Zamzam hakugusa kitu. Shekuwe hakugusa.
"Mimi hata sikuwapo," alisema Mwanamize.
Athman peke yake alinyamaza,
akichunguza kucha zake.
Alikuta kosa katika maktaba ya tarehe,
mwezi ukiandama siku moja kabla,
akalirekebisha pale pale ghalani,
saa saba usiku, kwa nia njema.
Nia njema yake tukainywa sote.

Sikumkaripia.
Birika nililijenga mimi, bila kifuniko.

Usiku ule, kwa mama, nililala chali
nikitazama ukuta wa zidaka:
bakuli la bibi, msahafu wa baba,
saa ya mjomba iliyokufa saa tatu kasoro.
Ukuta mmoja, na kila kitu na mwenyewe.
Nje, juu ya njia, wikio
linalotuunganisha na kwa shangazi;
miaka yote wamekula jikoni kwetu
bila kukanyaga barabara.

Asubuhi nikafanya hivi.
Ghala likabaki moja, la kusomwa tu;
kila toleo na namba yake,
likishaingia haliguswi.
Kisha kila mtu kidaka chake,
na kutoka kidakani hadi ghalani
kiungo chembamba, wikio la herufi.
Anayetaka kurekebisha anakili kwake,
aharibu kwake, alie kwake.

Athman bado ana nakala yake nzima,
kaificha kwenye folda yenye nukta mbele ya jina,
gigabaiti nne. Naziona kila nikipima diski.
Namwachia.
Mama naye, mwenye jiko la nyumba mbili,
ana kikombe kimoja nyuma ya kabati
ambacho hata mgeni wa Iddi hapewi.