Mgeni wa Ndooni

Chuno, saa nane usiku. Nimewasha tochi
niliyoifunika karatasi nyekundu ya biskuti.
Tawi la tumbawe alilonipa Likwata
lina siku ya kumi na moja ndooni,
peke yake, na pampu inayokoroma.

"Wanitilia shaka? Limetoka tangini kwangu,
si jalalani."
Nikamjibu: mgeni njoo, mwenyeji apone;
ila huyu apone kwanza, ndipo aje.
Hakucheka.

Nililiogesha kwa iodini. Minyoo bapa minne
ikadondoka, myembamba kama ganda la kitunguu.
Lakini mayai hayasikii dawa.
Yamejibandika chini ya shina, safu kwa safu,
rangi ya asali,
yakingoja nichoke.

Nachukua wembe.
Mwaka juzi nilikuwa na pupa,
kila zawadi niliitumbukiza siku ileile;
korosho zilipoanza kudondoka
tangi zima lilikuwa jeupe, mifupa mitupu.

Umeme unakatika. Pampu kimya.
Napiga magoti, nakoroga maji kwa mkono,
nahesabu: zimebaki thelathini na nne.

Na kesho sharti nimwambie Likwata
akachungulie chini ya mashina yake.
Sijui nitaanzaje.