Sungura Bado Anatwanga

Jiwe lilikuja na ndege kutoka Uchina,
limeviringishwa sufi kama mwana wa siku saba.
Bwana Luo alivaa glavu. Akasema: hili ni la kaburi,
limelala gizani miaka elfu mbili kasoro.
Mimi mlinzi tu, hapa Maskati, zamu ya usiku.
Saa sita makumbusho hunyamaza
kiyoyozi kikabaki kuvuta uradi.

Basi nikamzoea sungura.
Kasimama wima, mchi mkononi, kinu miguuni,
anatwanga dawa ya kutokufa.
Chura anamchezea. Watu wenye manyoya mabegani
wanapanda mawingu
kama wanaokwenda darini kuanua nguo.
Na juu, baina ya chui milia na joka, kakaa
Bibi wa Magharibi, mwenye bustani ya mafyulisi:
ukila moja, mauti hukusahau.

Magharibi ipi? nilimuuliza Bwana Luo.
Akacheka. Ukitokea kwetu, ni huku mliko.

Huku?
Huku mama, Bi Shinuna binti Hemedi, alilala Sibu
na mrija puani, akatamani fyulisi,
si la dukani, la Jebel Akhdhari.
Nikapanda zile kona, breki zinanuka,
nikanunua sita kwa mzee asiyepunguza bei.
Alikula nusu.
"Tamu," akasema. "Ila mie nshachoka."
Alhamisi tukamsitiri.

Kesho jiwe linarudi kwao.
Nimesogea hata pumzi yangu imetia ukungu kiooni.
Ewe sungura, kila atwangaye husita,
hupepeta, huonja, humwaga kapi.
Wewe hata kichwa hujainua.
Kwetu wangesema unatwanga maji.

Au ulijua tangu mwanzo?
Yule aliyelazwa chini yako
labda hakungoja dawa. Alitaka mlio wa mchi,
ule wa alfajiri, hiliki na mdalasini,
ajue jikoni yuko mtu
na mtu huyo hajalala.

Mfukoni mwa sare nina kokwa, imekauka, ina mikunjo.
Mara mbili nimetaka kuitupa.
Nagonga kioo kwa ukucha, polepole,
kamera inaniona, na ione:
ti, ti,
mpaka mwadhini wa Matrah akohoe kwenye kipaza sauti.