Udogo wa Barua

Saa kumi na moja alfajiri, Igogo.
Mawe ya mlimani bado yana baridi ya jana
na sisi tumeshafika getini,
mabuti meupe mkononi, kofia za nyavu mfukoni,
tunanusa upepo wa ziwa kama paka
kujua kama sangara wameingia.

Shigela anatoka na kidole chake.
Hana daftari. Kidole kinatosha.
Wewe. Wewe. Wewe wa kitenge. Wewe, hapana, nyuma yako.
Jana nilikuwa "wewe".
Leo nimesimama mbele ya "nyuma yako".

Wenzangu husema kibarua kimeota nyasi.
Nyasi zingekuwa afadhali, huota penye udongo.
Huku kwetu ni mawe matupu.

Baba yangu, mzee Lushinge, alikuwa na barua.
Ipo mpaka leo, ndani ya nailoni, ndani ya sanduku:
*Ndugu, unaarifiwa kwamba umeajiriwa
kuwa fundi wa mashine ya kufuma, kuanzia tarehe mosi.*
Muhuri wa zambarau,
saini iliyonenepa kama mwenye nayo ameshiba.
King'ora cha kiwanda kikilia
mama aliinjika uji bila kutazama saa.
Hata majirani wasio na mtu kiwandani
waliinjika kwa king'ora hicho.
Hatukukipenda. Kilitukatia usingizi.
Nani angejua tutakuja kuitamani kelele ile.

Sasa kuna simu chini ya mto
inayotetemeka, au isiyotetemeka.
*Kesho ndege haiji. Watu arobaini tu.*
Ujumbe hauna ndugu, hauna muhuri, hauna wako mtiifu.

Kaka yangu Masalu alisema afadhali yeye, ana mkataba.
Kweli alikuwa nao: na pikipiki.
Elfu kumi kila jioni kwa mwenye chombo,
mvua inyeshe, tairi ipasuke, abiria akimbie bila kulipa,
miezi kumi na minne, kisha chombo kiwe chake.
Mwezi wa kumi na mbili aligonga jiwe pale Mabatini.
Pikipiki ikarudi kwa mwenyewe.
Goti likabaki kwake.

Siku nikichaguliwa, nakata minofu.
Kisu kinapita kando ya mfupa
kama mgeni anayeijua nyumba.
Minofu hupanda ndege.
Vichwa na mifupa hupanda baiskeli,
na jioni nanunua panki la mia tano sokoni,
nalitazama kwenye taa ya muuzaji:
mkato ni wangu.

Usiku mwanangu Ngollo ana kazi ya shule.
*Andika maneno haya katika udogo.*
Mtoto, kitoto. Nyumba, kijumba. Mlango, kilango.
Barua?
Anang'ata kalamu. Namwambia: kibarua.
Anacheka. "Mama, kibarua si ni wewe?"

Babu yake anageuka kitandani.
Enzi za baba yake, anasema,
ukimaliza kazi ulipewa kikaratasi,
ukakipeleka dirishani, ukapewa hela.
Hicho ndicho kibarua. Kikaratasi. Hakikuwa mtu.
Kisha karatasi ikapotea,
jina likakosa pa kukaa,
likatukalia sisi.

Ngollo anauliza kama aandike na hayo.
Hapana, mwanangu, mwalimu ametaka neno moja.

Simu imelala kifudifudi kando ya kisu.
Kisu nimenunua mwenyewe, na jiwe la kunolea pia.
Mtoto anaandika, herufi zimeinama,
kwa kalamu ya risasi,
ili kama ni kosa, lifutike.