Kabichi ya Mkesha

Saa tisa alasiri, na Lemvig usiku umeshabisha hodi.
Mama amekaa kwenye kiti chake cha dirishani,
ingawa dirisha kwake siku hizi
ni baridi tu upande wa shavu la kushoto.
Macho yalimuaga mwezi wa nane,
kwanza moja, kisha jingine,
kama wageni waliochoka na karamu.

"Mwaka huu kabichi ni yako, Birte," alisema,
na mimi, na miaka yangu hamsini na miwili,
nikajifunga aproni
kama mtoto anayekwenda kupokea kipaimara.

Kabichi ya zambarau, nzito kama jiwe la mzani.
Nilipoipasua ililia mlio wa theluji chini ya kiatu kipya,
na ndani yake njia nyeupe zinapindana:
ramani ya mji usio na mkazi hata mmoja.

"Kata nyembamba."
"Nakata nyembamba, Mama."
"Nasikia vipande vinene."

Mafuta ya bata yakayeyuka sufuriani.
Nikatia kabichi, nikatia matufaha mawili ya kaka yangu Asger,
ambaye huyaleta kila mwaka na funza wake
na kutuapia kwamba funza ndiye shahidi wa utamu.
Karafuu nne. Kijiti cha mdalasini.
"Na sukari?"
"Tia mpaka uone aibu," alisema Mama,
"kisha ongeza kijiko."

Nikaongeza maji, nikafunika,
nikaenda kumgeuza bata.
Sijui ni chokaa ya maji yetu ya bomba,
sijui ni mkono wangu:
nilipofunua, kabichi ilikuwa buluu.
Si zambarau iliyokolea. Buluu,
ya wino wa shuleni,
ya goti siku tatu baada ya kuanguka.

"Imekuwaje?"
"Nyekundu," nikasema. "Nyekundu nzuri sana."

Nilidhani uongo wa rangi
kwa mtu asiyeona
ni uongo mdogo, wa kupita mlangoni bila kuinama.
Mama hakugeuza kichwa.
Vidole vyake vilipapasa ukingo wa kitambaa cha meza,
vikafika kwenye fundo, vikatulia.

"Unanidanganya, Birte. Siki sijaisikia."

Maisha yangu yote nimekula kabichi hii.
Sikujua siki ina sauti.
Nikachukua chupa, nikamimina,
nayo ikasema *ssss*, kama mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani;
mvuke ukanipiga puani, machozi yakanitoka,
na pale ilipogusa, buluu ikarudi nyuma,
kwanza duara dogo kama kifungo cha koti,
kisha nikakoroga, nikakoroga,
na sufuria nzima ikawaka.

"Haya, sasa niambie. Rangi gani?"
"Nyekundu."
"Nyekundu ya nini? Moja umeshaniuzia, na ilikuwa feki."

Nikainama juu ya sufuria.
Waridi nikalitupa. Damu nikaitupa. Divai, hapana.
Ng'ambo ya barabara bwana Vestergaard alikuwa akiwasha mishumaa,
mmoja mmoja, kwa kiberiti kilicholowa.

"Ile skafu," nikasema, "aliyovaa Baba
siku alipoingia na baiskeli kwenye mtaro wa kanisa.
Akatoka kalowa chepechepe, anacheka,
na skafu imechuja rangi
shingoni, kifuani, kwenye shati jeupe la sikukuu."

Mama alinyamaza.
Kabichi ilichemka kwa sauti ya mtu anayesali bila haraka.

"Basi bado kidogo," akasema hatimaye.
"Lile shati nililifua mimi, mara tatu.
Lilikuwa jekundu zaidi ya hapo. Ongeza tone."

Nikaongeza tone.
Mara hii hata mimi niliisikia.

Bata, kama mnataka kujua, aliungua ubavu mmoja.
Yeye hakuna aliyemsikia.